Kupima tofauti za maada nyeupe kati ya makundi mawili: mwongozo wa takwimu za picha za usambaaji wa maji ubongoni

Tuseme umekabidhiwa picha za MRI za watu 48: 24 wana skizofrenia, 24 hawana. Unaulizwa swali moja: je, nyuzi za ubongo (maada nyeupe) za makundi haya mawili zinatofautiana? Programu za kujibu ni za bure kwa mwanafunzi na mtafiti, nazo zitakupa jibu hata kama picha zako ni mbovu na mpango wako hauna kichwa wala miguu. Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Katika kila hatua nitakuomba ujiulize swali lilelile: tofauti hii ingeweza kutokea bila ugonjwa?

Kwanza tukubaliane kinachopimwa. Picha hizi hazioni nyuzi za neva. Zinapima jinsi molekuli za maji zinavyotangatanga. Maji yaliyo huru, katika joto la mwili la nyuzi 37, husambaa kwa kiasi cha milimita za mraba 0.003 kwa sekunde. Ndani ya tishu za ubongo kiasi hicho hushuka hadi karibu 0.0007 au 0.0008, kwa kuwa maji yanagonga kuta za seli, utando wa mafuta unaozunguka nyuzi, na vikwazo vingine. Penye fungu la nyuzi zilizolala upande mmoja, maji hupita kirahisi kufuata nyuzi na kwa shida kuzikata. Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan walionyesha namna ya kuieleza hali hiyo kwa tensa, ambayo unaweza kuiwazia kama yai katika kila vokseli, yaani kila kijisanduku kidogo cha picha: refu penye nyuzi zilizonyooka pamoja, karibu mviringo penye maji matupu. Kutokana na yai hilo tunapata namba mbili tutakazozitumia sana. FA, kipimo cha jinsi yai lilivyorefuka, huanzia 0 kwa mviringo kamili na kukaribia 1 kwa yai lililochongoka. MD ni wastani wa usambaaji pande zote.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua picha

Chukua karatasi, au faili lenye tarehe, uandike: nitapima FA au MD? Katika ubongo wote au katika mafungu machache niliyoyachagua kwa sababu inayoeleweka? Nitadhibiti umri, jinsia, na nini kingine? Nitamwondoa mtu kwenye uchambuzi kwa kigezo gani? Mambo haya yakiamuliwa baada ya kuona matokeo, thamani ya p (uwezekano wa bahati tupu kuleta tofauti kubwa kama hiyo) inapoteza maana yake, kwani inadhani jaribio lilikuwa moja tu.

Hapo hapo kokotoa kama idadi ya watu inatosha. Kwa skizofrenia tuna bahati ya kuwa na kipimo cha kutegemea. Kikundi cha kimataifa cha ENIGMA kilikusanya picha za wagonjwa 1,963 na watu 2,359 wasio na ugonjwa, na mwaka 2018 kikaripoti kwamba FA ya ubongo mzima iko chini kwa wagonjwa kwa ukubwa wa athari wa takribani 0.42. Maana yake, wastani wa makundi mawili umeachana kwa chini ya nusu ya mkengeuko sanifu mmoja. Mgonjwa mmojammoja huwezi kumtambua kwa namba hiyo. Makundi yanaingiliana mno. Sasa piga hesabu: kwa athari ya 0.42, jaribio la pande mbili na kizingiti cha 0.05, unahitaji takriban watu 90 katika kila kundi ili uwe na nafasi ya 80 kwa 100 ya kuiona. Ukiwa na 24 kwa 24 nafasi yako ni kama 30 kwa 100. Na hiyo ni kwa kipimo kimoja cha wastani wa ubongo wote, kabla ya kuanza kupekua vokseli moja moja.

Simaanishi uache kazi. Namaanisha ujue mapema kwamba usipoona tofauti, hujathibitisha kuwa haipo, na ukiiona, ukubwa wake pengine umetiwa chumvi na bahati ya sampuli ndogo.

Hatua ya 2: Safisha picha kwa mpangilio

Mpangilio una sababu. Kupunguza kelele kunakuja kwanza kabisa (dwidenoise, amri ya programu ya MRtrix3), maana njia hiyo hutegemea kelele ya vokseli jirani kuwa huru, na hatua yoyote inayosogeza picha huivuruga. Kisha ondoa mawimbi ya pembeni ya mipaka (mrdegibbs). Halafu topup ya programu ya FSL inarekebisha sehemu zilizovutika kwa sababu ya uga wa sumaku usio sawa, hasa juu ya pua na karibu na masikio; utahitaji walau picha moja ya b=0 (b ni nguvu ya kupima usambaaji; kwa 0 haupimwi) iliyopigwa kwa mwelekeo wa kinyume. Mwisho eddy, inayorekebisha mwendo wa kichwa na mikondo ya umeme ya mashine kwa pamoja.

Jambo moja husahaulika hapa. Kichwa kikigeuzwa na programu, mielekeo ya gradienti (pande ambazo usambaaji ulipimwa) nayo lazima igeuzwe. Eddy hukuandikia faili jipya lenye mielekeo iliyozungushwa. Tumia hilo, acha la awali.

Hatua ya 3: Mwendo wa kichwa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo utafiti mwingi wa aina hii unapotea njia.

Mtu anayesikia sauti zisizosikika na wengine, au anayeogopa kufungiwa ndani ya bomba lenye kelele kwa dakika kumi, hatulii kama mwanafunzi wa chuo aliyejitolea kuwa mlinganishi, yaani mtu asiye na ugonjwa. Mtoto hatulii kama mtu mzima. Mwenye maumivu hatulii kama asiye nayo. Kwa hiyo mwendo haujagawanyika kwa usawa kati ya makundi, na mwendo wenyewe hubadilisha FA na MD. Programu ya kurekebisha husogeza picha zirudi mahali pake, lakini ishara iliyopotea wakati kichwa kinatikisika haiwezi kuirudisha yote. Anastasia Yendiki na wenzake walionyesha jambo hili bayana: makundi yasiyo na tofauti yoyote ya kiafya yanaweza kuonekana tofauti kwa sababu tu kundi moja limetikisika zaidi.

Uchambuzi wangu wa kwanza wa namna hii ulitoa ramani ya kupendeza. Kopasi kalosamu, lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, iliwaka rangi kutoka mbele hadi nyuma. Niliionyesha kwa kila aliyekuwa tayari kutazama. Baada ya wiki mbili ndipo nikachora grafu ya mwendo wa kila mtu, nikaona wagonjwa wako juu na walinganishi wako chini. Nilipouingiza mwendo katika modeli, sehemu kubwa ya rangi ile iliondoka. Tangu siku hiyo grafu ya mwendo ndiyo ninayoichora kwanza, kabla ya ramani yoyote.

Fanya hivi. Eddy huacha faili la mwendo kwa kila mtu. Chukua wastani wa mwendo kati ya picha moja na inayofuata, uandike namba moja kwa kila mtu. Chukua pia asilimia ya vipande vya picha vilivyopoteza ishara. Linganisha makundi kwa namba hizo kama unavyolinganisha umri. Yakitofautiana, una njia tatu: kuwaondoa waliovuka kizingiti ulichoandika katika hatua ya kwanza, kuchagua watu ili makundi yalingane kwa mwendo, au kuingiza mwendo kama kigezo katika modeli. Mimi hufanya ya kwanza na ya tatu pamoja. Ila ujue: ikiwa mwendo na ugonjwa vinakwenda pamoja kabisa, modeli haiwezi kuvitenganisha, na utakachobaki nacho ni shaka ya kuripotiwa kwa uaminifu.

Halafu zitazame picha kwa macho. Zote 48, mtu mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya siku moja.

Hatua ya 4: Kokotoa tensa

Tensa ina namba sita zisizojulikana, kwa hiyo mielekeo sita na picha moja ya b=0 ndiyo kiwango cha chini kabisa. Kwa takwimu zinazoaminika watu hutumia mielekeo 30 au zaidi. Kama data yako ina thamani za b kubwa, kama zile za mradi wa Human Connectome Project zenye 1000, 2000 na 3000, tumia ya 1000 peke yake kwa tensa. Kwa thamani kubwa ishara haifuati tena mteremko rahisi ambao tensa inaudhania.

Chagua ukokotoaji wenye uzito (dtifit na alama ya -w). Sababu ni hii: tunatafuta tensa kwa kuchukua logi ya ishara, na logi ya ishara dhaifu inayumba kuliko logi ya ishara yenye nguvu. Ukizipa sauti sawa, vipimo vyenye kelele vinaburuta jibu. Kumbuka pia kwamba kelele ya MRI haiendi chini ya sifuri, hivyo penye ishara dhaifu sana inaipandisha ishara juu, na kelele ikizidi hulifanya hata yai la mviringo lionekane refu. Kundi lenye picha zenye kelele zaidi linaweza kupata FA ya uongo kwa njia hiyo pekee.

Kabla ya kuendelea, fungua ramani ya rangi. Kwa desturi nyekundu ni kushoto-kulia, kijani ni mbele-nyuma, buluu ni juu-chini. Katikati ya kopasi kalosamu pawe nyekundu. Washa pia mistari ya mwelekeo uone kama inafuata mkunjo wa nyuzi. Mhimili mmoja wa gradienti ukiwa umegeuzwa, FA haitabadilika hata kidogo na hutashtuka, lakini kazi yoyote ya kufuatilia nyuzi itakwenda upogo.

Hatua ya 5: Chagua mahali pa kulinganisha

Ubongo wa mtu mmoja haufanani umbo na wa mwingine. Ukizilinganisha picha vokseli kwa vokseli bila uangalifu, utakuwa unalinganisha ukingo wa fungu la nyuzi kwa huyu na maji ya ubongo kwa yule. Zamani dawa ilikuwa kuzilainisha picha. Mwaka 2005 Derek Jones na wenzake walichukua data ileile ya watu wenye skizofrenia na wasio nayo, wakabadilisha kiasi cha kulainisha tu, kutoka milimita 0 hadi 16. Matokeo yakahama: mara tofauti ipo hapa, mara ipo pale, mara haipo kabisa. Ugonjwa haukubadilika kati ya jaribio moja na jingine. Kilichobadilika ni mkono wa mchambuzi.

Mwaka uliofuata Stephen Smith na wenzake wa Oxford wakatoa TBSS, njia inayotafuta kiunzi chembamba kinachopita katikati ya kila fungu la nyuzi, kisha kupeleka kwenye kiunzi hicho FA ya juu iliyo jirani kwa kila mtu. Kulainisha hakuhitajiki tena. Amri ni nne, na zinaendeshwa kwenye folda yenye picha za FA:

tbss_1_preproc *.nii.gz
tbss_2_reg -T
tbss_3_postreg -S
tbss_4_prestats 0.2

Ile 0.2 ni kizingiti: penye FA ya wastani iliyo chini ya hapo kiunzi kinakatwa, maana huko ni kingo na maada ya kijivu. Yapeni mafaili majina yatakayoyapanga kwa kundi, mfano A_01 hadi A_24, kisha B_01 hadi B_24. Programu hupanga kwa alfabeti, na jedwali lako la takwimu lazima lifuate mpangilio huohuo. Safu zikipishana utapata jibu la watu wengine, na hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini.

TBSS ina kasoro. Penye mafungu mawili yaliyobanana, FA ya fungu jirani inaweza kupachikwa kwenye kiunzi kisicho chake. Kama swali lako ni la mafungu machache, njia rahisi na ya wazi zaidi ni kuchukua wastani wa FA katika kila eneo la atlasi ya JHU, ramani ya mafungu ya nyuzi yenye maeneo 48, na kufanya takwimu za kawaida kwenye jedwali. ENIGMA walitumia kiunzi na maeneo kwa pamoja. Ukipima maeneo yote 48 kwa kanuni ya Bonferroni, kizingiti kinakuwa 0.05 gawanya kwa 48, yaani takriban 0.001. Ukiwa umechagua matano mapema kwa sababu, ni 0.01. Hapo utaona faida ya ile karatasi ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 6: Jenga jedwali la modeli

Modeli ni ya mstari, ileile ya regresheni unayoijua. Kwa mfano wetu ina safu mlalo 48 na nguzo tano: kundi A, kundi B, umri, jinsia, mwendo. Umri na mwendo viondolewe wastani wa watu wote 48 kwa pamoja. Ukiondoa wastani wa kila kundi peke yake, umefuta uwezo wa modeli kusahihisha tofauti ya umri kati ya makundi.

Umri usiuchukulie kirahisi. FA hupanda utotoni na ujanani kisha hushuka taratibu uzeeni, kwa hiyo kama watu wako wana miaka 15 hadi 60, mstari mmoja ulionyooka hautoshi. Ongeza nguzo ya umri wa mraba. Kwa skizofrenia kuna jingine linalouma: dawa. Walinganishi hawatumii dawa za saikosi, kwa hiyo huwezi kuidhibiti dawa katika modeli ya makundi mawili. Unachoweza ni kuangalia ndani ya wagonjwa peke yao kama kipimo cha dawa kinakwenda na FA, na kuuliza lile swali letu tena.

Linganisho ni mawili: 1 -1 0 0 0 kwa A kuzidi B, na -1 1 0 0 0 kwa kinyume chake.

Kama picha zimetoka mashine mbili, ongeza nguzo ya mashine, au tumia ComBat, njia iliyobuniwa kwa data za jeni na kuletwa kwenye picha hizi na Jean-Philippe Fortin na wenzake mwaka 2017. Wagonjwa wote wakiwa wamepigwa kwenye mashine moja na walinganishi wote kwenye nyingine, hakuna hesabu duniani itakayoiokoa data hiyo.

Hatua ya 7: Changanya lebo

Kiunzi kina vokseli zaidi ya 100,000. Ukitumia 0.05 kwa kila moja, vokseli kama 5,000 zitawaka hata kama makundi hayana tofauti yoyote. Unahitaji kinga dhidi ya wingi huo, tena kinga isiyodhani kwamba FA inafuata kengele ya kawaida, kwa sababu FA imebanwa kati ya 0 na 1.

Wazo la kuchanganya lebo ni rahisi. Ikiwa ugonjwa hauhusiani na FA, basi haidhuru nani anaitwa mgonjwa. Zichanganye lebo kwa bahati nasibu, rudia hesabu yote, uandike takwimu kubwa kuliko zote uliyoipata popote kwenye kiunzi. Rudia mara 5,000. Sasa una orodha ya vilele ambavyo bahati peke yake inaweza kuvifikia. Kilele cha data yako halisi kikizidi asilimia 95 ya hivyo, umelinda ubongo mzima kwa mpigo mmoja. Penye vigezo kama umri, programu huchanganya mabaki ya modeli badala ya data ghafi. Katika amri hii design.mat ni jedwali la hatua ya 6 na design.con ni linganisho zake mbili.

randomise -i all_FA_skeletonised -o matokeo -m mean_FA_skeleton_mask -d design.mat -t design.con -n 5000 --T2

Alama ya --T2 inawasha TFCE, njia ya Smith na Thomas Nichols ya mwaka 2009, inayoipa nguvu vokseli iliyozungukwa na majirani wanaosema jambo lilelile, bila wewe kuchagua kizingiti cha vishada. Kwa michanganyo 5,000, p ya 0.05 inayumba kwa kama 0.006 juu au chini. Ukiipata 0.048 usiishangilie.

Makundi yakiwa madogo mno njia hii inakwama: watu 3 kwa 3 wana migawanyo 20 tu, kwa hiyo p ndogo kuliko zote inayowezekana ni 0.05. Na wakiwa wamo ndugu au mapacha, kama ilivyo katika Human Connectome Project, au mtu mmoja kapigwa picha mara mbili, lebo hazichanganywi kiholela. Changanya kwa kuheshimu familia au mtu.

Hatua ya 8: Soma ramani

Faili la tfce_corrp halina p. Lina 1 kutoa p. Kwa hiyo tofauti iko penye 0.95 na kuendelea, si penye 0.05. Na kwa kuwa kila linganisho ni la upande mmoja na wewe umefanya mawili, kizingiti halisi cha 0.05 kwa pande zote ni 0.975. Watu wengi hulipita hili.

Kisha toa FA ya kila mtu katika eneo lililowaka uichore nukta kwa nukta. Huenda utakuta watu wawili ndio wanaoburuta kundi zima. Usiripoti ukubwa wa athari uliopimwa kwenye eneo hilohilo ulilolichagua kwa kuwa limewaka. Lazima utakuwa mkubwa. Upime kwenye eneo la atlasi, pamoja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95.

Na FA ikiwa chini, usiandike kwamba nyuzi zimeharibika. Inaweza kuwa utando umepungua, au nyuzi zimepishana zaidi, au zimepinda zaidi, au maji ya ubongo yameingia kwenye vokseli. Ben Jeurissen na wenzake walikadiria mwaka 2013 kwamba kati ya asilimia 63 na 90 ya vokseli za maada nyeupe zina nyuzi za mielekeo zaidi ya mmoja, na yai moja haliwezi kueleza njia panda. Inawezekana hata FA ipande kwa ugonjwa: Gwenaëlle Douaud na wenzake waliiona ikipanda mwaka 2011 kwa watu walio mwanzoni mwa ugonjwa wa Alzheimer, penye njia panda ambapo fungu moja lilikuwa limedhoofika na jingine limebaki zima. Tazama MD na usambaaji wa kila mhimili sambamba na FA. Kama picha zako zina b kubwa na mielekeo mingi, MRtrix3 ina uchambuzi unaopima kila fungu ndani ya vokseli moja, na kwa maeneo ya njia panda mimi nauamini kuliko FA.

Katika ripoti andika idadi ya walioondolewa na sababu, mwendo wa kila kundi, vigezo vyote vya modeli, na matokeo ya linganisho zote mbili hata lile lisiloonyesha kitu. Ramani nzima, isiyokatwa kwa kizingiti, iweke NeuroVault, hazina ya mtandaoni ya ramani za ubongo, ili atakayekuja na wagonjwa wengine 24 aweze kujumlisha zake na zako.